Watu wa Uwanda wa Makonde: Historia ya Uhamaji na Ongezeko la Watu Masasi na Newala

Uwanda wa Makonde umeinuka kusini-mashariki mwa Tanzania, kati ya Mto Lukuledi na Mto Ruvuma. Upande wa mashariki unateremka polepole kuelekea Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi unakatika ghafla. Mji wa Newala umekaa kwenye ukingo huo, na mtu akisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma limelala chini yake, na nchi ya Msumbiji ng'ambo. Masasi iko chini ya uwanda, magharibi zaidi, katikati ya vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja katika nchi tambarare. Miji hii miwili ni jirani, lakini ardhi zake hazifanani. Masasi ina visima na chemchemi kwenye miguu ya vilima. Newala ina mchanga unaonyonya mvua yote, hata masika yakipita hakuna kijito kinachobaki juu.

Karne ya 19 watu walipanda kwenda kuishi kwenye uwanda huo mkavu kwa sababu chini hapakukalika. Njia za misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa, Lindi na Mikindani zilipita katika nchi za chini, na baadaye wakaja wapiganaji wa Kingoni kutoka Songea, ambao wenyeji waliwaita Magwangwara. Juu ya uwanda palikuwa na vichaka vizito vilivyofungamana, na asiyezijua njia zake hakuweza kupenya na kikosi. Wamakonde walifyeka humo, wakajenga vitongoji vidogo vilivyotawanyika, kila kimoja chini ya mkulungwa wake, yaani mzee mkuu wa ukoo, ukoo ukihesabiwa kwa mama. Hawakuwa na mfalme wala mji mkuu ambao adui angeuteka na kuimaliza nchi kwa siku moja. Gharama ya usalama huo waliibeba wanawake. Waliamka usiku, wakateremka ukingo na mitungi mpaka mabondeni, wakangoja kisima kijae tena baada ya wenzao kuteka, kisha wakapanda mlima na maji kichwani. Safari hiyo ilimeza nusu ya siku, na kiangazi zaidi.

Nchi ya Masasi ilijazwa na watu waliotoka sehemu nyingi. Wamakua walivuka Ruvuma kutoka kusini, Wayao nao walisukumwa na vita na njaa kutoka upande huohuo, na wengine wao walishika madaraka makubwa. Matola wa Newala, aliyekuwa Myao, alitawala watu wa makabila mchanganyiko waliomkimbilia. Mwishoni mwa mwaka 1876 kundi jingine liliongezeka. Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, akikusudia kuwarudisha karibu na Ziwa Nyasa walikotekwa. Walipofika Masasi waliona ardhi nzuri na maji, wakaomba wakae hapohapo. Kijiji hicho cha watu walionyang'anywa kwao kisha wakajichagulia kwao kwingine ndicho chimbuko la Masasi ya misheni. Septemba 1882 Magwangwara walikivamia, wakakichoma na kuchukua mateka, na wamisionari pamoja na baadhi ya watu wao wakahamia Newala chini ya ulinzi wa Matola. Miaka michache baadaye makazi ya Masasi yalifufuliwa. Katika muda usiozidi miaka 10 watu walewale walikuwa wametoka pwani, wakakaa bondeni, wakakimbilia uwandani, na wengine wakateremka tena.

Desemba 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba Ruvuma uwe mpaka kati ya makoloni yao. Kwa waliokaa pande zote mbili mto huo ulikuwa mahali pa kuvua, kulima mpunga na kuoana, na kiangazi hupungua mpaka mtu akavuka kwa miguu. Mpaka ulipopatikana, watu walijifunza haraka kuutumia. Kodi ya kibanda ilipoanza kudaiwa upande wa Wajerumani, waliokataa walivuka kusini. Machemba, kiongozi wa Kiyao aliyewasumbua Wajerumani kwa karibu miaka 10, alivuka hivyo mwaka 1899 na watu wake. Wareno nao walipobana upande wao, watu walivuka kaskazini. Utawala wowote uliozidisha ukali uliona vitongoji vikihama usiku mmoja, na hilo lilidumu kuwa tatizo la watawala wa pande zote mbili kwa karne nzima.

Vita vya Maji Maji viliifikia Masasi Agosti 1905, majengo ya misheni yakachomwa moto. Kusini nzima njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi, kwa sababu majeshi ya Wajerumani yaliteketeza mashamba na maghala ili kuwakomesha wapiganaji. Kabla nchi haijapumua, Vita Kuu ya Kwanza iliingia. Wareno waliiteka Newala mwaka 1916 kisha wakafukuzwa muda si mrefu. Mwaka uliofuata majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana kutoka Lindi mpaka Masasi, na tarehe 25 Novemba 1917 kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akavuka Ruvuma na mabaki ya jeshi lake kuingia Msumbiji. Kila jeshi lilichukua wapagazi na chakula. Wanaume waliobebeshwa mizigo na wasirudi hawakuhesabiwa ipasavyo na serikali yoyote. Pengo lao lilibaki katika koo, na katika mashamba yaliyorudi kuwa pori.

Utawala wa Kiingereza ulileta uhamaji wa aina nyingine, wa kufuata mshahara. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na Newala haikuwa na zao la kuuza la kutosha. Vijana walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani, na wengine wakaandikishwa manamba hadi Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha chombo chao cha kukusanya wafanyakazi, SILABU, na malori na meli zake zikawa njia kuu ya kusafirisha vibarua wa mkataba. Manamba aliahidiwa kurudishwa kwao mkataba ukiisha. Wengi walirudi, lakini wengine walioa hukohuko na kujenga.

Wakati huohuo mashamba ya kusini yalijazwa na Wamakonde kutoka Msumbiji. Ureno ilikuwa ikiwakamata wanaume kwa kazi ya kulazimishwa, na tangu 1938 ilizilazimisha familia kulima pamba kwa bei iliyopangwa na makampuni. Kuvuka Ruvuma kulikuwa ndiyo njia iliyobaki. Wageni hao, walioitwa Wamawia na waliotambulikana kwa chale zao za usoni na kwa ndonya ya mdomo wa juu, walikubali kazi ngumu ya kukata mkonge ambayo wenyeji walianza kuikwepa. Baadhi yao waliendelea kaskazini hadi Tanga na mpaka Kwale nchini Kenya, kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Wajukuu zao waliishi Kenya bila uraia hadi Oktoba 2016, walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai kutambuliwa, na serikali ya Kenya ikakubali kuwapa vitambulisho. Inaumiza kufikiri kwamba familia zilizokata mkonge wa nchi hiyo kwa zaidi ya nusu karne zilihitaji kuandamana ili watoto wao wapate cheti.

Miaka ya 1940 na 1950 ndiyo iliyoubadilisha uwanda wenyewe. Mkorosho, mti ulioletwa Afrika ya Mashariki na Wareno karne nyingi kabla, ulipata katika mchanga wa Newala mahali unapopenda, na bei ya korosho katika soko la dunia ikawapa wakulima sababu ya kuupanda kwa wingi. Matokeo yake katika makazi ya watu yalikuwa makubwa kuliko yalivyotazamiwa. Zamani mkulima alifyeka kichaka, akalima miaka michache, akahama na kukiacha kichaka kiote upya. Mkorosho huishi miaka mingi, humtaka mwenyewe awe karibu, na hurithiwa. Ardhi iliyokuwa ya ukoo ikaanza kuwa ya aliyepanda miti. Kijana asiye na mikorosho alijikuta hana pa kufyeka, na kwa mara ya kwanza uwanda ukaonekana kuwa mdogo. Wengi waliteremka kutafuta mashamba upande wa Masasi na Nachingwea, wengine wakalima mpunga na mahindi bondeni mwa Ruvuma huku nyumba zao zikibaki juu.

Jambo la pili lilikuwa maji ya bomba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 shirika la maji la Makonde lilianza kusukuma maji kutoka mabondeni hadi juu na kuyauza kwa debe kwenye vituo. Vitongoji vilianza kusogea kuelekea vituo hivyo kwa hiari, na barabara iliyopita karibu ikawa na nyumba pande zote mbili. Hakuna amri ya serikali iliyowahi kuwakusanya watu wa Newala kwa utulivu kama huo. Kwa upande wa nchi za chini, mradi wa karanga wa Nachingwea ulioanza 1947 uliwapa vijana wa Masasi ajira ya ghafla, ukaacha bandari ya Mtwara na reli, kisha ukafutwa mwaka 1951. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kusini ikabaki tena na barabara ya vumbi na mashua.

Elimu nayo ilianza kuondoa watu. Shule za misheni za Masasi, Chidya na Ndanda zilitoa walimu, matabibu na makarani wengi kuliko nafasi zilizokuwepo nyumbani, wakatawanyika Tanganyika nzima. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso mwaka 1938, alipita njia hiyo hadi kuwa Rais mwaka 1995. Waliosoma waliondoka wa kwanza, na familia zikajifunza kuwatazamia watoto wao kama watu wa mbali.

Uhuru wa Tanganyika ulipatikana mwaka 1961, na baada ya muda mfupi kusini ikawa mstari wa mbele wa vita. Mauaji yaliyofanywa na Wareno huko Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, Juni 1960 yalikuwa yameshawakimbiza Wamakonde wengi zaidi kuvuka mto. FRELIMO, harakati ya kuikomboa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, ikaanza vita Septemba 1964 katika mkoa wa Cabo Delgado, na Nachingwea ikawa kambi yake kuu ya mafunzo. Maelfu ya wakimbizi waliingia. Wengine walipelekwa makambini, kama vile Rutamba katika Lindi, lakini wengi zaidi walipokelewa na jamaa waliokuwa wakisema lugha moja nao, wakapewa kiwanja na shamba bila karatasi. Ukarimu huo uliokoa maisha, na serikali ya Nyerere iliuheshimu. Lakini pia uliacha watu ambao katika miaka ya baadaye wangeulizwa baba yao alizaliwa wapi.

Vita hivyo vilisaidia kuifanya Mtwara kuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza ambayo watu wake walihamishiwa vijijini kwa wingi. Mabomu ya Wareno yalivuka mpaka mara kadhaa, na vitongoji vilivyotawanyika kando ya Ruvuma havikuweza kulindwa. Kwa hiyo siasa ya ujamaa ya baada ya Azimio la Arusha la 1967 ilikutana hapa na hoja ya ulinzi, na mapema katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya wakazi wa mkoa walikuwa tayari wameandikwa katika vijiji, wakati mikoa mingine ilikuwa bado inashawishiwa. Novemba 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa amri kwa nchi nzima.

Kwenye uwanda amri hiyo iligongana na mkorosho. Kijiji kilipangwa kwa mistari karibu na barabara, shule na bomba, lakini miti ya mtu ilikuwa alikotoka, pengine mwendo wa saa mbili. Mikorosho haikuweza kuhamishwa pamoja na milango ya nyumba. Palizi zilikosekana, majani yakakua chini ya miti, na moto wa kiangazi ukapita. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoyafunika maua kwa unga mweupe, ulishambulia miti isiyotunzwa, na bei ya mkulima ikashuka. Uzalishaji wa korosho wa Tanzania, ambao ulifika tani 145,000 msimu wa 1973/74, ulianguka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Wataalamu wamebishana kuhusu uzito wa kila sababu, lakini kwa Newala hesabu ilikuwa moja: zao lililowafunga watu kwenye ardhi lilikuwa limeacha kuwalisha. Ni haki pia kusema kwamba vijiji vilileta shule na zahanati, na kwamba mradi wa maji wa Mtwara na Lindi uliofadhiliwa na Finland tangu miaka ya 1970 usingevifikia vitongoji vya zamani.

Kilichofuata kinaonekana wazi katika sensa. Mwaka 1967 mkoa wa Mtwara ulikuwa na watu 621,293, sawa na watu 5 katika kila Watanzania 100. Mwaka 1978 walikuwa 771,818, na mwaka 1988 walikuwa 889,494. Kati ya sensa hizo mbili za mwisho ongezeko la mwaka lilikuwa asilimia 1.4, nusu ya kasi ya taifa. Mwaka 2002 mkoa ulikuwa na watu 1,128,523, na mwaka 2012 watu 1,270,854, ongezeko la asilimia 1.2 kwa mwaka wakati taifa lilikuwa kwenye asilimia 2.7. Sehemu ya Mtwara katika idadi ya Watanzania ilikuwa imeshuka chini ya watu 3 kwa kila 100. Newala, ikiwa tayari imemegwa Tandahimba, iliongezeka kutoka watu 183,930 mwaka 2002 hadi 205,492 mwaka 2012. Masasi pamoja na Nanyumbu, iliyotoka ndani yake, iliongezeka kutoka 442,573 hadi 501,546.

Sababu moja ni uzazi. Wanawake wa mikoa ya kusini wamekuwa na watoto wachache kuliko wastani wa taifa, na kaya za Mtwara ni miongoni mwa ndogo kabisa nchini. Mwaka 2012 wastani wa kaya ulikuwa watu 3.7, na wa taifa 4.7. Sababu nyingine, yenye uzito mkubwa, ni kuondoka. Sensa ya 2012 iliwakuta Mtwara wanawake 671,206 na wanaume 599,648 tu, yaani wanaume 89 kwa kila wanawake 100, wakati kwa taifa walikuwa karibu 95. Wanaume waliokosekana walikuwa hai, lakini usiku wa sensa walilala Temeke, Mbagala, Tanga, Morogoro au kwingineko.

Safari ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa ngumu kabla ya mwaka 2003. Basi lilipita Masasi au Lindi, likafika Mto Rufiji, likangoja kivuko cha Ndundu. Masika barabara ilifungwa kwa wiki kadhaa na abiria wakategemea meli ya Mtwara. Hata hivyo vijana walikwenda. Waliuza bidhaa mkononi, wakalinda nyumba za watu usiku, na waliojua kuchonga mpingo walijiunga na wachonga vinyago wa Mwenge, ambao wengi wao walikuwa na asili ya ng'ambo ya Ruvuma. Agosti 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Rufiji, na lami iliyokamilika kipande kwa kipande katika miaka iliyofuata ilifanya safari ya siku kadhaa kuwa ya siku moja. Mara nyingi husemwa kwamba barabara huzuia uhamaji kwa kuleta maendeleo. Kusini ilionyesha kwamba barabara hufanya kazi pande zote mbili: ilimwezesha kijana kuondoka kwa urahisi, na pia kurudi msimu wa korosho.

Msimu huo umekuwa ratiba ya pili ya uhamaji. Kuanzia Oktoba familia huingia shambani asubuhi kuokota korosho zilizodondoka, hutenganisha korosho na bibo, huzianika juani kwa siku kadhaa, huzichambua, kisha huzipeleka kwenye chama cha msingi katika magunia ya katani. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza msimu wa 2007/08, ulihamishia bei kwenye minada inayosimamiwa na vyama vikuu, TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Ulilenga kummaliza mnunuzi wa kangomba, aliyezunguka na kipimo chake akinunua kwa mkulima mwenye njaa kabla ya mavuno. Kangomba haikwisha, kwa kuwa njaa ya Agosti haikungoja mnada wa Oktoba. Lakini bei ilipanda, na mwaka 2017 baadhi ya minada ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Mavuno ya taifa msimu wa 2017/18 yalizidi tani 300,000. Vijana walirudi kutoka Dar es Salaam kusimamia mikorosho ya wazazi, kufufua iliyoachwa, na kupanda mipya mpaka nje ya uwanda. Msimu uliofuata wanunuzi walitoa bei ndogo, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likasomba korosho. Malipo yalichelewa kwa wakulima wengi, na msimu huo uliwafundisha waliorudi kwamba mshahara wa mjini, hata uwe mdogo, una tarehe.

Sensa ya 2022 ilileta habari ambayo wachache waliitegemea. Mtwara ilikuwa na watu 1,634,947. Katika miaka 10 mkoa ulikuwa umeongeza watu 364,093, zaidi ya mara mbili ya ongezeko la miaka 10 iliyotangulia, na kasi ilikuwa imepanda kutoka asilimia 1.2 hadi karibu 2.5 kwa mwaka. Bado ilikuwa chini ya kasi ya taifa ya 3.2, lakini mwelekeo ulikuwa umegeuka. Bei za korosho za katikati ya kipindi hicho, barabara, na matumaini ya gesi asilia ya Mtwara vilichangia, ingawa hakuna kimoja kinachoweza kudai sifa yote. Mji wa Masasi unaonyesha mabadiliko hayo vizuri zaidi. Tayari mwaka 2012 halmashauri yake, pamoja na kata zake za mashambani, ilikuwa na watu 102,696, karibu sawa na Mtwara Mikindani yenye bandari. Masasi ni njia panda: barabara za Mtwara, Newala, Nachingwea, na ile ya Mangaka inayoendelea Tunduru na Songea hukutana hapo, na Daraja la Umoja la Mtambaswala, lililofunguliwa Mei 2010, liliifungua njia ya Msumbiji. Anayeteremka kutoka uwandani leo si lazima aende Dar es Salaam. Anaweza kuishia Masasi, akafungua duka na kuendelea kupalilia mikorosho yake Newala.

Kwa sera ya taifa, mabadiliko haya yana uzito wake. Sera ya Idadi ya Watu ya 1992, iliyopitiwa upya 2006, ilizungumza zaidi kuhusu ongezeko la haraka na uzazi mkubwa, hofu ambayo kwa Newala ya wakati huo haikuwa tatizo la kwanza. Tatizo lilikuwa wazee na wanawake waliobaki na miti iliyozeeka, na watoto waliolelewa na bibi. Ruzuku ya serikali kuu kwa halmashauri hugawanywa kwa sehemu kubwa kwa kufuata idadi ya watu. Wilaya iliyopoteza vijana kwa miaka 40 ilipata fedha kwa kadiri ya waliobaki, wakati gharama ya kuwafikia haikupungua, kwa sababu zahanati, barabara na bomba vinagharimu kulingana na umbali. Na ilipokuja 2022 kasi ikiwa imepanda maradufu, mipango ya shule na viwanja vya Masasi ilikuwa imetengenezwa kwa makadirio ya kasi ya zamani. Mradi wa maji wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa India, ambao umeijumuisha Makonde, unapaswa kupimwa kwa watu watakaokuwepo mabomba yatakapokuwa na miaka 20, pamoja na maelfu wanaorudi kila Oktoba ambao sensa ya Agosti haiwakuti.

Kuna pia wageni wapya. Wafugaji walioondolewa bonde la Usangu kuanzia 2006 walielekezwa mikoa ya kusini, hasa Lindi, na mifugo iliendelea kusambaa hadi mabonde ambako wakulima wa uwandani hulima mpunga na mahindi. Migogoro ya mipaka ya vijiji imeongezeka katika nchi ambayo kwa desturi haikujua ng'ombe wengi. Mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, ambao sheria ya mwaka 1999 ilikipa kijiji mamlaka juu yake, ndio chombo kilichopo cha kuizuia, na unagharimu fedha za upimaji ambazo vijiji vingi havina.

Na mpaka umerudi kuwa mpaka wa vita. Oktoba 2017 wapiganaji wa kundi lenye itikadi kali walishambulia Mocímboa da Praia katika Cabo Delgado. Oktoba 2020 walivuka Ruvuma na kuua watu katika kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Machi 2021 waliushambulia mji wa Palma. Watu waliokimbia walifuata njia ambayo babu zao waliifuata miaka ya 1960, kuelekea jamaa zao kaskazini. Safari hii hawakupokelewa vilevile. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza mwaka 2021 kwamba maelfu walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano, na likaiomba Tanzania iwaruhusu kuomba hifadhi. Serikali ilikuwa na hoja ya usalama baada ya Kitaya, na hoja hiyo ina uzito. Lakini Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inataka kila anayeomba hifadhi asikilizwe kabla ya kurudishwa, na wilaya za mpakani zinahitaji maofisa wa kufanya kazi hiyo papo hapo, wanaojua Kimakonde na Kimakua.

Hali hiyohiyo imewagusa Watanzania wenyewe. Uandikishaji wa vitambulisho vya taifa katika mikoa ya mpakani hufanywa kwa uchunguzi mkali zaidi, na mzee wa Newala au Nanyumbu ambaye baba yake alivuka mto akikimbia pamba ya Wareno hutakiwa kuthibitisha uraia alioishi nao tangu 1961. Ushahidi alionao ni wa majirani, mkulungwa wa ukoo, na miti aliyoipanda. Bila kitambulisho ni vigumu kusajili laini ya simu, na bila simu malipo ya korosho hayafiki kwa urahisi. Ofisi za uhamiaji za wilaya zimekuwa zikiwasikiliza watu hao mmoja mmoja, kwa viapo na barua za serikali ya kijiji, na kazi hiyo inaendelea.